Ndege wa kujaza Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kujaza ndege kunaruhusiwa Zanzibar?

Kazi yenyewe, yaani kumchuna ndege na kuijaza ngozi yake ili akae kama hai, haina kosa. Kosa, likiwepo, limo katika namna ndege alivyopatikana, na hilo ndilo afisa misitu au mtu wa forodha atakalokuuliza kabla hajatazama kama macho ya kioo umeyaweka sawa. Wanyamapori si jambo la Muungano. Anayesoma mtandaoni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009 anasoma sheria ya Bara. Huku kwetu msingi ni Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya 1996, na wenye kuisimamia ni idara ya misitu, yenye ofisi Maruhubi. Juu ya zote mbili upo mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tanzania iliridhia mwaka 1979, nao unatubana sote kwa kuwa ni ahadi ya nchi nzima.

Kwa lugha ya vitendo: kuku, bata, kanga na njiwa wa kufugwa ni mali yako kama kitoweo chochote. Ndege wa mwitu, awe hai, mzoga, ngozi tupu au bawa moja, mhesabu si wako mpaka uwe na kibali cha maandishi mkononi. Na kibali hutangulia. Hakiombwi baada ya ndege kukaa rafuni.

Nianze na ndege gani?

Jogoo wa kienyeji wa kilo moja na nusu, au kanga wa kufugwa. Ngozi zao zinavumilia makosa ya mkono mgeni.

Njiwa ni rahisi bei, na kila anayeanza humkimbilia, kisha hujuta. Ngozi yake ni nyembamba mno na manyoya hubanduka kwa kuguswa tu. Ukiivuta kidogo mgongoni karibu na mkia, unabaki na kiganja cha manyoya na tundu. Bata ana ngozi ngumu lakini ana mafuta. Yasipokwanguliwa yote, baada ya miezi hupenya na kuyapaka manyoya ya kifua rangi ya njano. Jogoo wa kuchi ni tunu: mrefu, amesimama wima, na kilemba chake kidogo. Kilemba kikubwa cha jogoo wa kawaida husinyaa kikikauka, kama pilipili iliyosahaulika juani, na wekundu wote hupotea. Itakubidi ukipake rangi au utengeneze cha bandia.

Ipo sababu nyingine ya kuanza na hawa, na ndiyo kubwa. Nyama yao inaliwa. Ndege aliyefugwa, akachinjwa na kupikwa, ikabaki ngozi, hakuuliwa kwa ajili ya pambo. Jaza kumi wa aina hiyo kabla hujafikiria chanzo kingine chochote.

Nikinunua sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe, nimwambie nini mchinjaji?

Mwambie kabla hajashika kisu kwamba unataka ngozi na manyoya. Mazoea ya mkono wake ni kuchinja, kutupa ndani ya ndoo na kumimina maji ya moto, na ndege akishaingia maji ya moto, kwisha: kila unyoya umelegea kwenye shina lake.

Mfunge ndege kwa khanga kuukuu, mabawa yakibana mwilini, kichwa nje. Akichinjwa hupapatika dakika moja au mbili, na mapapatiko hayo ndiyo yanayovunja manyoya makubwa ya mabawa na kutapanya damu mwili mzima. Kisu kiwe kikali, kata iwe moja, chini kidogo ya koromeo, bila kuingia kwenye mfupa wa shingo. Kata moja safi hushonwa kwa ndani ngozi ikiwa imegeuzwa, kwa uzi mwembamba na mishono ya milimita mbili, na manyoya ya shingo huifunika kabisa. Kata tatu za kisu butu hazifuniki.

Mwinamishe kichwa chini mpaka damu ikome. Ziba mdomo na tundu la nyuma kwa pamba. Damu iliyogusa manyoya ioshe papo hapo kwa maji baridi yenye chumvi kidogo. Maji ya moto huigandisha ikabaki doa la kudumu, na juu ya jogoo mweupe doa hilo utaliona kila ukiingia chumbani.

Kisha joto. Mwili wa ndege una nyuzi 40 na ushei, na manyoya ni blanketi. Kwa jua la Februari, tumbo huanza kugeuka kijani ndani ya saa chache. Nenda sokoni na ndoo ya barafu yenye mfuniko, na utandike gazeti ili ndege asilale juu ya maji. Ukiwa na shaka, puliza manyoya ya tumboni utazame ngozi. Ikiwa na rangi ya kijani, vuta unyoya mmoja: ukitoka bila kukataa, ngozi hiyo haifai tena, na hakuna dawa itakayoirudisha.

Nimemkuta ndege wa mwitu amekufa mwenyewe. Si bora nimchukue kuliko aoze?

Hoja inaeleweka, lakini kufa kwake hakumgeuzi kuwa wako. Sababu ni nyepesi: hakuna afisa anayeweza kutazama ngozi iliyokwisha jazwa akajua kama ndege aligonga kioo cha hoteli au alipigwa manati. Na kila anayekamatwa husema kamwokota.

Usimguse kwanza. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha alipoangukia: dirisha, barabara, nguzo ya umeme. Tazama miguu. Akiwa na pete ya alumini yenye namba, iandike namba yote pamoja na maneno yaliyochongwa, kwa sababu kuna mtafiti mahali fulani anaisubiri. Kisha tazama pembeni. Ukiona ndege wawili watatu wamekufa mahali pamoja, ondoka na uwaarifu watu wa mifugo. Hiyo inaweza kuwa sumu, mdondo au mafua ya ndege. Kumbuka kwamba friza haiui virusi vya mafua ya ndege. Inavitunza.

Akiwa peke yake na sababu inaonekana, piga simu idara ya misitu ukiwa hapo hapo. Wakikuruhusu umhifadhi wakati unaomba kibali, waombe waandike, hata kwa ujumbe wa simu wenye tarehe na aina ya ndege. Mchukue kwa glavu, andika kikaratasi, mfunge miguuni. Ndani ya hifadhi za Jozani, Ngezi au Misali hakuna la kuuliza: mwachie mlinzi.

Vijana wa mtaani wananiletea ndege waliokwisha kufa. Nikiwapa pesa kidogo kuna ubaya gani?

Hapa ndipo watu wazuri wanapoharibu. Ukitoa elfu mbili leo kwa mbayuwayu aliyeokotwa kweli, kesho wataletwa wanne, na hao hawakuokotwa. Hukuagiza, hukumwambia mtu aue, lakini umeshatangaza bei. Mtoto wa skuli mwenye manati hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Ndiyo maana msimamo ulio salama ni mmoja: usilipe chochote kwa ndege wa mwitu, akiwa hai au mfu. Wala soda. Wala vocha ya simu.

Mwili wenyewe husema. Aliyepigwa manati ana donge la damu chini ya ngozi upande mmoja, mara nyingi kifuani, na mfupa uliovunjika chini yake. Wa ulimbo ana manyoya ya tumbo na miguu yaliyogandamana kwa utomvu unaovutika kama uzi ukiugusa kwa kidole chenye joto. Wengi husafishwa kwa mafuta ya taa, hivyo nusa. Aliyekaa tunduni siku kadhaa ana paji lililosuguliwa likatoka manyoya, na ncha za mkia zimechakaa kwa kugonga nyaya. Wa paka ana vitundu viwili vidogo vinavyolingana. Aliyegonga kioo mara nyingi ana damu mdomoni na manyoya yake yote yako sawasawa, ila huyo ni nadra kuletwa na mtu anayetaka pesa.

Akiletwa aliye hai na kajeruhiwa, huruma itakusukuma umnunue ili umwokoe. Usimnunue. Mpigie afisa misitu mbele ya aliyemleta.

Kunguru je? Hao si waharibifu?

Kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo wamekula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka Bara wanaitwa kunguru wa Zanzibar. Hakuna anayewalilia, na kwa kazi yetu ni ndege mzuri: gramu 300 hivi, ngozi imara, manyoya meusi yanayosamehe doa. Lakini mambo mawili huwaponza watu.

La kwanza ni sumu. Kampeni za kuwapunguza zimetumia chambo chenye sumu inayoua polepole, kati ya saa 12 na siku tatu, kwa hiyo kunguru aliyeanguka uani kwako huenda kala chambo mtaa wa tatu. Wa kuokotwa muache. Kama kuna zoezi la mitego linalosimamiwa na serikali, waombe wanaoliendesha wakupe waliouliwa siku hiyo, na waandike tarehe. Kutega sumu mwenyewe ni hatari kwa kuku wa jirani, seuze watoto wake.

La pili ni kukosea ndege. Wa India ana kijivu kuanzia kisogoni mpaka kifuani, kama kafungwa shali. Mwenye kifua na kola nyeupe kabisa ni kunguru wetu wa asili, ambaye mwenzake amemfukuza mjini. Huyo ni wa mwitu kama wengine.

Ni ndege gani nisiwaguse hata nikipewa bure?

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote duniani ila kisiwani humo: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho, Zosterops vaughani. Kununua mmoja wao ni kununua sehemu ya hesabu ndogo sana. Bundi mdogo anapata tabu maradufu, kwa sababu wengine humuua kwa kumdhania uchuro naye anakula wadudu tu.

CITES inawagusa bundi wote, tai, mwewe na kozi wote, heroe, kulukulu (yumo na wa Unguja), na karibu kasuku wote. Kasuku wanne tu ndio walio nje ya orodha, na hapo watu huchanganya. Kasuku mdogo mwenye uso wa waridi asiye na duara la jicho, asili yake kusini magharibi mwa Afrika, yumo katika hao wanne. Mwenzake anayefanana naye, mwenye uso wa chungwa na duara jeupe tupu kuzunguka jicho, asili yake kaskazini mwa Tanzania Bara, yumo katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya CITES ya viumbe wasiovushwa mpaka bila kibali. Tofauti ya kesi na kutokuwa na kesi ni lile duara.

Mtego mwingine ni shomoro wa Java, wa kijivu, kichwa cheusi, mashavu meupe, mdomo mnene wa waridi. Aliletwa na watu kama kunguru na anaishi Pemba. Anayedhani kila mgeni ni ruhusa ajue kwamba huyu naye yumo Kiambatisho cha Pili.

Kasuku wangu wa nyumbani amekufa. Naweza kumhifadhi?

Ukiwa na karatasi za kumpata kihalali, kumhifadhi kwa ajili yako ni jambo la kuzungumza na idara. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu amekuwa Kiambatisho cha Kwanza, orodha kali kabisa ya CITES, tangu 2017, kwa hiyo usidhani utasafiri naye au kumuuza.

Kuna ugonjwa wa kasuku unaompata binadamu kifuani kwa kuvuta vumbi la kinyesi na manyoya. Mloweshe ndege kwa maji ya sabuni kabla ya kumkata, vaa barakoa ya kubana, fungua madirisha. Halafu fikiri tena. Wengi wanaojaza ndege waliyemlea humtazama siku ya kwanza na kusema, "Siye huyu."

Dini inasemaje?

Swali la fatwa mpelekee sheikh wako. Hapa ni yale yanayogusa meza ya kazi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, ndege anayeliwa aliyechinjwa kisharia ni tohara pamoja na manyoya yake. Nyamafu ni najisi, na ngozi yake hutoharika kwa kudabaghiwa, yaani kutiwa dawa ya ngozi, lakini kauli iliyo mashuhuri ni kwamba manyoya hayatohariki. Kwa hiyo aliyeokotwa barabarani na jogoo wa kuchinjwa hawako sawa hata kama kazi imefanana, na mteja anayeswali chumba hicho ana haki ya kuambiwa. Kuna pia wanaokataza kuweka kiumbe kilichojazwa nyumbani kwa kukifananisha na sanamu, na wanaoona si sanamu kwa kuwa hakikuundwa na mtu. Kuua ndege bila haja kumekemewa, na hapo sijui kama kuna mzozo.

Nina barua ya Sheha. Inatosha?

Haitoshi. Sheha anathibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia yake. Hana uwezo wa kukupa mnyamapori.

Familia ina ndege wa kujazwa wa zamani sana. Tumfanye nini?

Msimpanguse vumbi kwa mkono mtupu. Vielelezo vya zamani vilipakwa sabuni ya aseniki ili wadudu wasiile ngozi, na sumu hiyo haiishi kwa miaka. Huonekana wakati mwingine kama unga mweupe kuzunguka macho, mdomo na vidole vya miguu, na wakati mwingine haionekani kabisa. Glavu, barakoa, kioo kilichofungwa, mbali na watoto na jikoni. Mkitaka kumpeleka nje ya nchi kama kielelezo cha kabla ya mkataba, kinachohesabiwa ni tarehe aina hiyo ilipoingizwa CITES kwa mara ya kwanza. Tarehe Tanzania ilipojiunga haihusiki. Picha ya zamani ya sebuleni yenye ndege huyo nyuma ya babu ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Mgeni anataka kununua jogoo niliyemjaza aondoke naye. Na nikimpeleka Dar kwa boti?

Jogoo hayumo CITES, lakini nchi nyingi zina masharti ya afya ya mifugo kwa kitu chochote cha ndege, hata kilichokauka. Mwambie mgeni aulize kwao kabla hajalipa, na umpe risiti inayotaja aina, tarehe ya kuchinjwa na dawa uliyotumia.

Ndege wa mwitu ni mlango mwingine. Boti ikitia nanga Dar es Salaam, sheria ya Bara inaanza kazi. Huko unyoya, ngozi na yai vyote ni nyara, kuwa nazo bila cheti ni kosa zito, na anayefanya biashara ya nyara lazima awe na leseni yake. Marekani nako, Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 humshitaki anayeingiza mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi alikotoka. Hata mbayuwayu anayeonekana hapa Disemba analindwa kule kwa sheria ya ndege wahamao ya 1918, pamoja na manyoya yake. Mteja akikwama uwanja wa ndege wa kwao, jina litakalotajwa ni la duka lako.

Manyoya ya kuokota ufukweni, mayai, viota?

Ni yale yale. Ya kuku na tausi wa kufugwa chukua. Tausi huyaangusha ya mkia kila mwaka bila kuguswa.

Niandike nini katika daftari?

Namba ya ndege, aina, tarehe na mahali, aliyekuuzia na simu yake, sababu ya kifo, uzito, dume au jike, na namba ya kibali kama kipo. Namba hiyo hiyo iandike kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, ukifunge mguuni kwa uzi, na kisitoke: si kwenye friza, si mezani, si baada ya kumaliza. Kalamu ya wino hufutika ndege anapoyeyuka. Mwenye ndege ishirini na daftari lenye mistari ishirini hukaguliwa kwa dakika kumi.

Umeme ukikatika na friza imejaa?

Usifungue. Friza iliyojaa hushika baridi karibu siku mbili, yenye nafasi nusu ya muda huo. Chupa za maji yaliyogandishwa katika mapengo husaidia. Kila ndege awe amezungushiwa plastiki ya kufungia chakula, kichwa kimekunjwa chini ya bawa, ndani ya boksi la mfuniko wa kubana; asiyefungwa hukauka kope na vidole kwa upepo wa friza, na vidole vilivyokauka hivyo huvunjika ukivinyoosha. Aliyeyeyuka akawa laini mpaka ndani usimgandishe tena. Mchune siku hiyo hiyo, ngozi ipake boraksi, ule unga mweupe wa kuikausha na kuikinga na wadudu, upande wa nyama, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa jogoo, na iwekee feni. Wakati wa masika, bila feni, kuvu itakuja kabla ngozi haijakauka.